Kampuni ya mgodi imetuletea kitabu cha ahadi. Tukiamini?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Kanda ya Ziwa. Kampuni inayojiandaa kufungua mgodi wa dhahabu jirani yetu imetuletea kitabu cha kurasa 40 hivi, chenye picha nzuri, kinachoeleza sera yake ya haki za binadamu na mazingira. Afisa mahusiano wao anasema wamesaini kanuni za Umoja wa Mataifa, wana ISO, na haya yote wanayafanya kwa hiari yao, kwa hiyo hakuna haja ya kijiji kudai mkataba. Wajumbe tumegawanyika: wapo wanaosema tuwaamini, wapo wanaosema ni usanii mtupu. Kitabu hiki kina uzito gani, na tufanye nini kabla ya mkutano mkuu?

JIBU:

Ndugu mjumbe,

Pande zote mbili zinabishania nia ya kampuni, jambo ambalo hakuna mjumbe anayeweza kulijua. Liacheni. Meneja aliyewaletea kitabu anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na mwakani akahamishiwa Ghana, au mgodi ukauzwa kabla kisima cha kwanza hakijachimbwa. Fungueni kitabu ukurasa kwa ukurasa na kila penye ahadi muulize hivi: hii ikivunjwa, nani anashtakiwa, wapi, na kwa karatasi gani? Ahadi isiyo na jibu ni tangazo la biashara. Yenye jibu ni mali ya kijiji. Ipo na aina ya tatu, ambayo kampuni iliiandika kama tangazo lakini mahakamani ikageuka kuwa ushahidi. Hiyo nitaifikia.

Kwanza maneno ya afisa mahusiano, kwa sababu hayajakaa sawa. Kanuni za Mwongozo za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu zipo 31, na ziliidhinishwa na Baraza la Haki za Binadamu mwaka 2011. Kampuni haizisaini, hakuna mahali pa kuzisaini. Kinachojiungwa ni kitu kingine kinachoitwa Global Compact, kilichoanzishwa mwaka 2000 wakati wa Kofi Annan. Mkurugenzi mkuu huandika barua ya kuunga mkono kanuni 10, na kila mwaka kampuni hutuma taarifa ambayo imejiandikia yenyewe. Hakuna mtu anayetumwa kuja kukagua mto wenu. Adhabu yake ni kufutwa kwenye orodha, na kinachowafutisha wengi ni kutotuma taarifa, wala si jambo walilomfanyia mtu.

ISO nayo muulizeni ni namba ngapi. ISO 14001 ni cheti cha mfumo wa usimamizi wa mazingira: kinathibitisha kwamba kampuni ina utaratibu, inajiwekea malengo na inayafuatilia. Hakisemi maji yanayotoka mgodini yawe na arseniki kiasi gani. ISO 26000, inayohusu uwajibikaji kwa jamii, ni mwongozo tu na haitolewi cheti. Kwa hiyo mkionyeshwa cheti cha ISO 26000, mmeshajua mnashughulika na watu wa aina gani. Cheti cha kweli hutaja eneo kinalolihusu na tarehe ya kuisha. Cheti cha mgodi wao wa Australia hakiwahusu ninyi.

Sasa hizi ahadi za hiari zenyewe. Wanaozishuku wana sababu, na sababu hizo zina tarehe na idadi ya maiti. Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, kilipewa cheti cha SA8000, ambacho ni cha mazingira bora ya kazi, usalama wa moto ukiwemo. Septemba 11 mwaka huohuo kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafia ndani. Madirisha yalikuwa na nondo na njia za kutokea zilikuwa zimefungwa. Nondo za dirishani hazihitaji mtaalamu kuziona, zinaonekana ukiwa barabarani. Januari 25, 2019, bwawa la tope la mgodi wa chuma huko Brumadinho, Brazili, lilipasuka na kuua watu 270. Miezi michache kabla, kampuni ya ukaguzi ya Ujerumani, TÜV SÜD, ilikuwa imetoa hati kwamba bwawa lile ni imara. Ofisi na kantini ya wafanyakazi vilijengwa upande wa chini wa bwawa.

Hapa msikimbilie kusema rushwa. Mara nyingi kasoro imo kwenye utaratibu wenyewe. Mkaguzi hulipwa na anayekaguliwa, au na mnunuzi wake, na akitoa majibu mabaya mwaka ujao kazi hupewa mwingine. Tarehe ya ukaguzi hujulikana mapema. Muda ni siku moja, mbili, tatu. Sehemu kubwa ya muda huo huishia ofisini kwenye mafaili: mikataba ya ajira, daftari la mahudhurio, picha za semina. Wafanyakazi huhojiwa ndani ya eneo la kazi, mara nyingi wakiwa wamechaguliwa na msimamizi, ambaye anawaona wanavyoingia na wanavyotoka. Tazama Kericho. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake kwenye mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Unilever ilikuwa imeshakabiliwa na tuhuma kama hizo zaidi ya miaka 10 nyuma, ikatangaza kwamba haitavumilia unyanyasaji wa aina yoyote na ikaweka mfumo wa kuripoti. Lakini mtu anayegawa kazi asubuhi ndiye huyohuyo anayelalamikiwa. Mama mwenye kibarua cha siku hawezi kumsimulia mgeni mwenye kalamu jambo kama hilo huku msimamizi amesimama mlangoni. Mkaguzi ataandika "hakuna malalamiko yaliyopokelewa", na kwa karatasi zake atakuwa amesema kweli.

Kuna jambo moja linalohusu moja kwa moja kauli ya kwamba "hakuna haja ya mkataba". Mara nyingi ahadi ya hiari huletwa pale sheria inapokaribia kugonga hodi. Mwaka 2001 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha pendekezo la kuweka lebo kwenye chokoleti ili ijulikane ipi haikutengenezwa kwa kazi za watoto watumwa. Kabla halijawa sheria, kampuni za chokoleti zilikubali waraka wa hiari, Harkin-Engel, wa kumaliza aina mbaya zaidi za ajira ya watoto kwenye kakao ya Afrika Magharibi. Lebo ikafa. Tarehe ya kutimiza ilikuwa 2005. Ikasogezwa 2008, ikasogezwa tena 2010, na hapo lengo likapunguzwa kuwa kushusha tatizo kwa 70% ifikapo 2020. Mwaka 2020 utafiti wa NORC, taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Chicago, uliogharimiwa na serikali ya Marekani, ulikadiria watoto milioni 1.56 wanafanya kazi za kakao Ghana na Ivory Coast. Kampuni iliyosaini haikufikishwa kokote kwa kukosa tarehe hizo, kwa sababu waraka haukumpa mtu yeyote haki ya kudai. Miaka 19.

Linganisheni na Bangladesh. Jengo la Rana Plaza liliporomoka Aprili 24, 2013, likaua watu 1,134. Baadhi ya viwanda vilivyokuwamo vilikuwa vimeshakaguliwa kwa niaba ya wanunuzi wa Ulaya. Mwezi uliofuata kampuni za nguo zikaanza kusaini Accord, na hii ikawa mkataba hasa. Upande wa pili wa meza walikaa wenye madai, yaani vyama vya wafanyakazi. Wakaguzi wakawa wahandisi wasioajiriwa na kiwanda, na ripoti zikatangazwa kwa jina la kila kiwanda. Mnunuzi akabanwa kuhakikisha fedha za ukarabati zinapatikana. Ugomvi ukaenda kwa wasuluhishi ambao uamuzi wao unatekelezwa na mahakama. Vyama vikawapeleka wanunuzi wawili The Hague mwaka 2016, na mmoja akakubali kulipa dola milioni 2.3 mwanzoni mwa 2018. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa. Wanunuzi wengi ni walewale na viwanda ni vilevile. Kilichobadilika ni karatasi.

Kwa hiyo mkiwa na kalamu, anzeni na vitenzi. Kwenye kitabu chenu pigeni mstari chini ya kila "tutajitahidi", "tunadhamiria", "tunatarajia wakandarasi wetu", "pale inapowezekana" na "kwa kadiri hali ya biashara itakavyoruhusu". Sentensi zenye maneno haya zimeandikwa na wakili, na zimeandikwa zisishikike. Chukueni moja ambayo haikosekani kwenye vitabu hivi: "Kampuni itajitahidi kuhakikisha jamii jirani zinapata maji safi." Haina kiasi, haina tarehe, na haisemi "jirani" ni nani. Sentensi ya kupeleka mezani ni kama hii: "Kabla ya kuanza kuchenjua, kampuni itachimba visima 3 virefu katika vitongoji vilivyotajwa kwenye jedwali. Maji yatapimwa kila mwezi mbele ya mwakilishi wa kijiji na majibu yatabandikwa ofisi ya kijiji ndani ya siku 14. Kipimo kikizidi kiwango, kampuni italeta maji kwa boza, lita zisizopungua 20 kwa mtu kwa siku, kuanzia saa 24 baada ya majibu mpaka kipimo kitakaporudi chini." Wakikataa, angalau mtakuwa mmejua ni neno gani hasa wanaloliogopa. Kwa kawaida ni tarehe.

Maji yanahitaji jambo lingine ambalo vijiji vingi hulikumbuka wakati umepita: kipimo cha kabla. Miamba yenye dhahabu mara nyingi ina arseniki ya asili. Miaka mitano baadaye mkilalamika, kampuni itasema ilikuwepo tangu zamani, na bila kipimo cha kabla hamtakuwa na la kujibu. Chukueni sampuli sasa, kabla mashine haijaingia, juu na chini ya eneo la mgodi, kwenye mto na kwenye visima mnavyokunywa, mara moja kiangazi na mara moja masika. Pimeni pH, salfeti, naitreti, arseniki, risasi, zebaki, shaba na sianidi. Kwa kulinganisha, mwongozo wa WHO wa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita kwa arseniki na kwa risasi pia.

Chupa ya maji ya dukani haifai. Chukueni chupa za maabara. Ya metali hutiwa asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2, vinginevyo metali hunata kwenye kuta za chupa na majibu hutoka mazuri kuliko ukweli. Ya sianidi ni kinyume chake: hutiwa sodiamu haidroksaidi hadi pH ipande juu ya 12, kisha huwekwa gizani kwenye barafu, maana sianidi huvukiza na kuvunjwa na jua. Msichanganye chupa hizo mbili. Asidi kwenye maji yenye sianidi hutoa gesi ya sumu. Kila sehemu jazeni chupa mbili, moja ya kampuni na moja ya kijiji, mzifunge kwa lakiri, na kila anayepokea chupa asaini jina, tarehe na saa. Ya kwenu ipelekeni Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda Mwanza. Waulizeni chupa na bei kabla ya kwenda mtoni. Hatua hii moja ina faida kwenu kuliko sura nzima ya mazingira kwenye kile kitabu.

Fidia. Kama kitabu kinasema kampuni inafuata viwango vya IFC (tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi), tafuteni Kiwango namba 5, cha ardhi na kuhamishwa. Hapo kuna pesa. Kiwango hicho kinataka nyumba ilipwe kwa gharama ya kujenga nyingine kama hiyo leo, bila kukata uchakavu. Wathamini wetu wamezoea kukata uchakavu. Mfano: nyumba ya tofali za kuchoma ambayo kuijenga leo ni milioni 12, ukikatwa uchakavu wa 30%, mwenye nyumba anaondoka na milioni 8.4. Tofauti ya milioni 3.6 ndiyo thamani ya ahadi ya IFC kwa kaya hiyo, na inafaa iandikwe hivyohivyo kwenye makubaliano: "hakuna uchakavu utakaokatwa, na tofauti italipwa na kampuni".

Mengine yaliyomo kwenye sura ya fidia yasiwatie ganzi kwa kuyaona kama hisani. Posho ya usumbufu, posho ya makazi (kodi ya mwezi mara 36), posho ya usafiri (tani 12 za mizigo kwa kilometa 20) na hasara ya faida vimo kwenye kanuni za fidia za mwaka 2001. Sheria ya uthamini ya 2016 nayo inaweka miezi 6 ya kulipa, riba ikichelewa, na uthamini uliokaa miaka 2 bila kulipwa hufanywa upya. Vivyo hivyo ushuru wa huduma, unaotozwa kwa asilimia ya mauzo na kwenda halmashauri ya wilaya, na mpango wa mwaka wa uwajibikaji kwa jamii, ule mnaouita CSR, ambao Sheria ya Madini, kifungu cha 105, inamtaka mwenye leseni aukubaliane na halmashauri. Kitabu kikisema "tumejitolea kutenga fedha kwa ajili ya jamii", ulizeni ni juu ya vile vya lazima au ndivyo vilevile vimepakwa rangi.

Sura ya usalama someni kwa makini kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuua. Kampuni nyingi za madini hutaja Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu, za mwaka 2000. Barrick ilijiunga nazo mwaka 2010. Mei 16, 2011, polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu watano kwenye mgodi wa North Mara, Tarime, uliokuwa wa kampuni yake tanzu, yaani kampuni iliyokuwa chini yake. Wanakijiji walifungua kesi London mwaka 2013, ikaisha kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015. Udhaifu wa ahadi za namna hii ni kwamba kampuni inaahidi juu ya walinzi wake, ilhali anayeshika bunduki ni askari wa serikali anayelinda mgodi kwa hati ya makubaliano kati ya kampuni na Jeshi la Polisi. Kwa hiyo msiombe sera, ombeni kuiona hiyo hati. Nani analipa posho na mafuta ya magari? Nani anatoa amri ya kuita askari? Mtu akijeruhiwa, gari la nani linampeleka hospitali, na nani analipa bili? Wakisema hati ni siri, hilo liandikwe kwenye muhtasari.

Sasa ile aina ya tatu. Wakazi 1,826 wa Chingola, Zambia, waliishtaki London kampuni ya Vedanta kwa uchafu wa mgodi wa shaba wa Nchanga, ulioendeshwa na kampuni tanzu, Konkola Copper Mines. Vedanta ikasema mwenye mgodi ni tanzu, nendeni Lusaka. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaruhusu kesi isikilizwe London, na miongoni mwa vilivyoiponza Vedanta ni machapisho yake yenyewe, yaliyojisifu kwamba bodi ya kampuni mama ndiyo inayosimamia mazingira kwenye tanzu zake zote. Januari 2021 wakalipana nje ya mahakama. Upande mwingine, wafanyakazi wa Unilever Kericho walioshambuliwa katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 walishindwa London mwaka 2018, kwa sababu hawakuonyesha kwamba kampuni mama iliiongoza tanzu katika kukabili hatari ile. Kesi mbili, na hoja ni ileile: mama alikuwa anashika usukani au hakuwa?

Ndiyo maana kitabu chenu kisitupwe hata na wale wanaokiita usanii. Tafuteni kila sentensi inayosema makao makuu "yanasimamia", "yanakagua", "yanaidhinisha" au "yanawajibika", na juu ya jalada angalieni jina la nani limeandikwa, la tanzu yenye leseni ya Tanzania au la mama. Pakueni pia ripoti za mwaka za kampuni mama kwenye tovuti yake na mzichape zikiwa na tarehe, maana tovuti hubadilishwa. Siku hizi mawakili wa kampuni nao wameisoma hukumu ya Vedanta, na vitabu vipya vimeanza kusema "kila tanzu inajitegemea". Mkiona sentensi hiyo, mjue imewekwa kwa makusudi.

Msitegemee sana sheria za Ulaya. Ufaransa ina sheria ya 2017 inayozitaka kampuni kubwa ziwe na mpango wa uangalizi, lakini kesi iliyofunguliwa huko mwaka 2019 dhidi ya TotalEnergies kuhusu mradi wa mafuta Uganda na bomba la kwenda Tanga ilitupwa na mahakama ya Paris Februari 2023 kwa sababu za utaratibu, bila kiini cha malalamiko kusikilizwa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria yake mwaka 2024, na 2025 ikaahirishwa huku ikianza kupunguzwa makali. Penye meno zaidi ni kwenye mkopo. Kama mgodi unajengwa kwa fedha za IFC au za benki zinazofuata Kanuni za Equator (masharti ya mazingira na jamii ambayo benki hujiwekea zinapokopesha miradi mikubwa), viwango huwa masharti ya mkataba wa mkopo, na meneja huogopa benki kuliko anavyoogopa waandishi wa habari. Muulizeni afisa mahusiano kwa barua: nani anawakopesha? IFC ikiwamo, mnaweza kulalamika kwa mkaguzi wake, CAO, kwa Kiswahili, bila kulipa chochote.

Dawati la malalamiko la kampuni mtaambiwa ndilo suluhisho la kila kitu. Litumieni, ila kwa tahadhari tatu. Msipeleke lalamiko kwa mdomo. Liwe barua, na nakala irudi na mhuri wa kupokelewa. Hesabuni siku: kwa sheria ya ukomo ya Tanzania, madai ya madhara yana miaka 3 na ya mkataba miaka 6, na mazungumzo kwenye dawati hayasimamishi saa hiyo. Watu wengi wamezungushwa "tunalifanyia kazi" mpaka muda ukaisha. La tatu ni karatasi ya kupokelea malipo. Kwenye mgodi wa Porgera, Papua New Guinea, wanawake waliobakwa na walinzi walipewa fidia kupitia dawati la kampuni kwa sharti la kusaini kwamba hawataishtaki. Mtu wenu akiletewa karatasi yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho", asisaini siku hiyo. Aipeleke kwanza kwa wakili. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira, wana uzoefu wa mambo haya.

Kabla ya mkutano mkuu, basi. Ombeni kwa barua ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na masharti ya cheti chake, kwa kampuni na kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Ahadi nzuri iliyomo kitabuni lakini haimo kwenye tathmini wala kwenye masharti ya cheti, pelekeni maoni ya maandishi mkitaka iingizwe, kwa sababu ikishakuwa sharti la cheti, kuivunja ni kuvunja sheria. Zilizobaki zikusanyeni kwenye makubaliano ya kurasa tano au sita, kwa Kiswahili, yenye kifungu kinachosema nakala ya Kiswahili ndiyo itakayotumika ikitokea tofauti, na kingine kinachosema makubaliano yatamfunga yeyote atakayenunua mgodi. Asaini mkurugenzi mwenye mamlaka. Afisa mahusiano hana uwezo wa kuifunga kampuni, hata kama ndiye mnayemzoea.

Wanaweza kuwaambia kijiji hakiwezi kuingia mkataba na kampuni. Si kweli. Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye hadhi ya kisheria: kina lakiri, kinaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Wanaweza pia kusema sera ya makao makuu hairuhusu kusaini na vijiji. Hapo ombeni barua moja tu inayosema hivyo, yenye jina na tarehe. Isomwe mkutanoni na iambatanishwe na muhtasari pamoja na kitabu chenyewe, ambacho mwenyekiti na mtendaji wawe wamesaini jaladani siku kilipopokelewa. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, moja iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, na moja kwa wakili.